FreeCAD na Inkscape kwa michoro ya hataza ya muundo: zinafaa wapi, zinakwama wapi

FreeCAD, ya kujenga umbo la pande tatu, na Inkscape, ya kuchora mistari, ni programu za bure, na zikitumika pamoja zinatoa michoro ya hataza ya muundo (hataza inayolinda sura ya bidhaa) inayoweza kumridhisha mkaguzi wa ofisi ya hataza ya Marekani. Hiyo ndiyo hukumu yetu, ila ina sharti moja zito: umbo la bidhaa litengenezwe na kusahihishwa ndani ya FreeCAD tu, na Inkscape ibaki kazi ya kusafisha mistari. Anayevuka mpaka huo, akaanza kusogeza kona au kuongeza tundu ndani ya Inkscape kwa kuwa eti ni mchoro mmoja tu, ndiye atakayepeleka ombi lenye mionekano (michoro ya pande mbalimbali za bidhaa) inayopingana.

Mionekano kupingana si kosa la urembo. Katika hataza ya kifaa au mbinu, mipaka ya ulinzi inawekwa na maneno. Hataza ya muundo ina dai moja la sentensi moja, linalosema kwamba kinachoombewa ni muundo wa kitu fulani kama ulivyoonyeshwa na kuelezwa. Michoro ndiyo dai lenyewe. FIG. 1 ikionyesha kitako chenye mbavu 6 na FIG. 7 ikionyesha 5, mkaguzi hana jambo la kupima, na atalikataa dai chini ya kifungu cha 112 cha sheria ya hataza ya Marekani kwamba halieleweki au halijaonyeshwa vya kutosha.

Marekebisho yanaruhusiwa, lakini kifungu cha 132 kinakataza kuingiza jambo jipya baada ya tarehe ya kuwasilisha. Mionekano mingine ikithibitisha kwamba mbavu ni 6, ile iliyokosewa inasahihishwa na maisha yanaendelea. Tabu ni pale ambapo hakuna mwonekano wa kuamua. Ukichagua 6 umeongeza jambo jipya, ukichagua 5 vilevile. Njia inayobaki mara nyingi ni kulitoa eneo hilo kwenye dai kwa kuligeuza kuwa mistari ya kukatika, ambayo huonyesha sehemu zisizodaiwa, kama hilo nalo halitaleta jambo jipya, au kuwasilisha ombi upya na kuipoteza tarehe.

Tutatumia mfano wa jagi la plastiki la lita 2: mwili unaopanuka kuelekea juu, mdomo wa kumiminia upande wa mbele, kishikio upande wa nyuma, na mbavu chini ya kitako. Lina karibu kila kinachosumbua.

Upande wa FreeCAD

Kazi inafanyika kwenye benchi la TechDraw, sehemu ya FreeCAD inayotoa michoro bapa kutoka kwenye modeli. Weka ukurasa, teua mwili wa jagi, kisha tumia amri ya "Projection Group". Washa mbele, nyuma, kushoto, kulia, juu, chini, na mmoja wa pembe. Hiyo ni mionekano saba, seti ambayo wachoraji wengi wa Marekani huanza nayo. Yote inatoka kwenye modeli moja kwa skeli moja. Ukinenepesha kishikio kutoka milimita 12 hadi 14, michoro yote saba inajirekebisha. Kwa sababu hiyo peke yake tungeipendekeza FreeCAD mbele ya programu yoyote ya kuchora kwa mkono, hata ya kulipia.

Kiolezo cha ukurasa kiwe kitupu. Vile vyenye fremu na kisanduku cha jina la mchoraji ni vya karakana. Kanuni ya 1.84 ya Marekani, inayohusu michoro ya hataza, haitaki fremu kuzunguka eneo la kuchorea. Kwa jagi la urefu wa sentimita 26, skeli ya 1:2.5 inatoa mchoro wa sentimita 10.4, na miwili inakaa vizuri juu na chini kwenye A4. Lakini kundi la mionekano haliwezi kusambaa kurasa mbili ndani ya TechDraw. Kwa hiyo panga yote saba kwenye karatasi tupu ya A2, itoe kama SVG (faili ya mistari ambayo Inkscape inaifungua), kisha uigawe kwenye kurasa za A4 ndani ya Inkscape bila kugusa ukubwa.

Hapo kuna mtego wa majina. TechDraw inaweza kupanga mionekano kwa mtindo wa "First Angle" au "Third Angle". Katika ule wa kwanza, mwonekano wa ubavu wa kushoto unakaa kulia mwa ule wa mbele. Anayeandika maelezo kwa kutazama mahali mchoro ulipo kwenye karatasi atauita kulia ulio kushoto. Jagi lenye alama za ujazo ubavu mmoja tu litajikuta na alama hizo pande zote mbili kwa maandishi, na upande mmoja kwa picha. Chukua jina kwenye orodha ya vitu vya FreeCAD, usikisie kwa macho.

Kisha mistari. Kila mwonekano una mipangilio yake ya kuonyesha au kuficha aina za mistari, na hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Mistari ya vitu vilivyofichika izimwe kabisa. Fundi wa karakana amezoea kuonyesha kilicho nyuma kwa mistari ya kukatika, lakini kanuni ya 1.152 inakataza kufanya hivyo kwa sehemu zilizo nyuma ya kitu kisichopenya mwanga. Mistari ya kukatika ina kazi nyingine kabisa, tutaifikia. "Seam Visible" nayo izimwe: ni mshono wa kihesabu pale uso wa mviringo unapojifunga, na kwenye jagi utaonekana kama mfereji ulioshuka toka mdomoni hadi kitakoni.

"Smooth Visible" ndiyo inayohitaji kufikiriwa. Inaonyesha mstari pale nyuso mbili zinapokutana bila kona, mfano pale kishikio kinapojiviringa kuingia kwenye mwili. Ikiwashwa, mstari huo unatoka na sura ileile ya kona halisi, na msomaji ataona mkunjo usiokuwepo. Ikizimwa, kishikio kinaonekana kimeyeyukia mwilini bila mpaka, na kivuli kinabaki peke yake kueleza mzingo. Sisi tunapendelea kuizima na kutegemea kivuli. Wapo wanaoiacha kwa mstari mwembamba, nao hawakosei. Kinachoharibu ni kuiwasha kwenye mwonekano wa pembe na kuizima kwenye ule wa ubavu, kwani kona moja itasomeka kali huku na laini kule. Mpangilio unakaa kwa kila mwonekano peke yake, kwa hiyo teua yote saba kwenye orodha kabla ya kubadilisha.

Mstari ukikosekana pale mwili na kishikio vinapokutana, kwa kawaida vipande viwili vimewekwa pamoja bila kuunganishwa kwa amri ya "Fuse". Vikiwa vimepishana tu, mstari wa makutano haupo kwenye modeli, na TechDraw haichori kisichokuwepo. Unganisha, sasisha ukurasa, utatokea kwenye mionekano yote inayouhusu. Kuuchora kwa mkono ndani ya Inkscape ni kuuweka kwenye mmoja na kuusahau kwenye mitatu.

"Coarse View" iache imezimwa kwa michoro ya mwisho. Inaharakisha kompyuta kwa kugeuza mizingo kuwa vipande vifupi vya mistari iliyonyooka, na duara la mdomo wa jagi likikuzwa linaonekana lina pembe.

Ndani ya jagi

Mwonekano wa juu unaonyesha tumbo la jagi hadi sakafu yake, na mkaguzi anaruhusiwa kuuliza: sakafu hiyo iko kina gani? Imelala bapa au ina mbonyeo? Mwonekano wa juu peke yake haujibu, na wa pembe huishia kuonyesha robo ya ukuta wa ndani. Ikiwa tumbo la ndani ni sehemu ya muundo unaotaka kuulinda, ongeza mkato kwa "Section View", na mstari unaoonyesha pa kukatia uwekwe kwenye mwonekano husika. Kama halikuhusu, litoe kwenye dai kwa mistari ya kukatika tangu siku ya kwanza.

Watu hutaja kesi ya Maatita ya mwaka 2018 kana kwamba imefuta haja hii. Mahakama ya Rufaa ya Federal Circuit, inayosikiliza kesi za hataza Marekani, ilisema mchoro mmoja wa chini ya soli ya kiatu unatosha, ingawa hauonyeshi kina, kwa sababu muundo wa soli unaweza kueleweka kwa kutazamwa bapa. Soli si jagi. Kitu ambacho sura yake haieleweki bila kuzungukwa hakisaidiwi na hukumu hiyo.

Mwonekano mmoja unaweza kuachwa. Kama kushoto na kulia ni kioo cha kila mmoja, chora mmoja na uandike hivyo kwenye maelezo. Lakini hakikisha kweli ni kioo. Alama za ujazo, bawaba ya kifuniko au nembo iliyochongwa upande mmoja inatosha kuifanya kauli hiyo kuwa ya uongo.

Upande wa Inkscape

Tumia toleo la 1.2 au jipya zaidi, kwa kuwa hapo ndipo kurasa nyingi ndani ya faili moja zilipoingia. Fungua SVG, tengeneza kurasa nne za A4, na uhamishe kila mwonekano. Kabla ya kugusa chochote nenda kwenye mapendeleo ya programu, sehemu ya mageuzi, uone kama unene wa mstari unakua pamoja na kitu. Ikiwa unakua na ukapunguza mwonekano mmoja ili uenee, mistari yake itakuwa myembamba kuliko ya jirani zake. Dawa ni kutopunguza: kama haikai, rudi FreeCAD ubadilishe skeli ya kundi zima. Ofisi ya hataza haihitaji skeli moja kwa mionekano yote, lakini ikiwa moja ni rahisi kulinganisha kwa rula.

Unene haukutajwa kwa milimita kwenye kanuni. Inatakiwa mistari iwe myeusi, safi, yenye unene ulio sawa, na mchoro usomeke hata ukipunguzwa hadi theluthi mbili. Milimita 0.35 hadi 0.5 kwa mzunguko na 0.18 hadi 0.25 kwa kivuli hufanya kazi. Chapisha kwa asilimia 67, uweke karatasi mezani, utazame. Kama mistari ya kivuli imegandana kuwa doa, ipunguze idadi.

TechDraw hutoa kila ukingo kama kipande chake. Kwa mistari mizima haina neno, lakini ukigeuza kishikio kuwa mistari ya kukatika, mfuatano unaanza upya kwenye kila kipande, na pale vipande vifupi vinapokutana vinaonekana mstari mzima. Mkaguzi akiona nusu ya kishikio imekatika na nusu nzima, hajui unadai nini. Unganisha vipande kwanza: amri ya "Combine", kisha teua nodi za mwisho zinazogusana na uziunganishe kwa Shift+J. Urefu wa vikato kwenye Inkscape unafuata unene wa mstari. Vikato vya 3 na nafasi ya 2 kwenye mstari wa 0.35 vinatoa milimita 1.05 na 0.7. Ukibadilisha unene baadaye, vikato navyo vinabadilika. Tengeneza mtindo mmoja, unakili, uubandike kwa Ctrl+Shift+V kwingine kote.

Amri mbili ziogopwe. "Simplify", Ctrl+L, inapunguza nodi kwa kukisia, na kila inapopita inasogeza mzingo kidogo, tena kwa namna tofauti kwenye kila mwonekano. Kugeuza kwa kitufe cha H ili upate ubavu wa pili bila kurudi FreeCAD ni mbaya zaidi, kwa sababu inabeba kivuli pamoja na umbo.

Kivuli chenyewe kinachorwa kwa mkono, na hapa programu zote mbili zinakuacha peke yako. Kanuni inataka mwanga utoke juu kushoto kwa nyuzi 45, na huo ni wa karatasi, si wa jagi. Kwenye mwonekano wa mbele upande wenye kivuli ni wa kulia, na kwenye mwonekano wa nyuma pia ni wa kulia, ingawa ni ubavu mwingine wa jagi. Ndiyo maana mchoro uliogeuzwa kwa H unatoa mwanga upande usiofaa. Kwa mwili wa mviringo piga mistari iliyonyooka ya wima inayokaribiana kadiri inavyokwenda ukingoni, na iwe mingi upande wa kulia. Kwa jagi hili, 3 kushoto na 7 au 8 kulia zinatosha. Kwa mzingo wa pande mbili, kama bega la kishikio, nukta zinaeleza vizuri kuliko mistari. FreeCAD ina mistari ya "Iso Visible" inayovutia kama njia ya mkato, lakini inafuata hesabu za uso na haijui mwanga unatoka wapi. Iwashe kwa muda ikuongoze, kisha uizime.

Kioo, plastiki inayopenya mwanga na uso unaong'aa vina alama yao: mistari ya mshazari. Hataza ya Apple D618,677 ya uso wa mbele wa simu ina weusi uliojazwa pamoja na mistari hiyo. Weusi wa kujaza unaruhusiwa kuwakilisha rangi nyeusi au utofauti wa rangi, lakini ukiujaza kama kivuli tu, umedai jagi jeusi.

Kishawishi kingine ni kuruka kazi yote hii na kupeleka picha ya modeli ya FreeCAD yenye rangi na vivuli vya kompyuta. Kesi ya Uingereza ya sanduku la watoto la Trunki inafaa kusomwa na kila anayewaza hivyo. Muundo ulisajiliwa Ulaya kwa picha sita za kompyuta za rangi ya kijivu, magurudumu na mkanda vikiwa vyeusi zaidi ya mwili. Mwaka 2016 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba utofauti huo ulikuwa sehemu ya muundo uliosajiliwa, na mshindani aliyepamba sanduku lake kwa namna nyingine akapona. Mistari mitupu ingedai umbo peke yake.

Kwenye mistari ya kukatika, maelezo yaseme wazi kwamba inaonyesha sehemu zisizo za dai. Ukitaka kudai nusu ya juu ya mwili tu, bila kona halisi ya kuishia, mpaka huo huchorwa kwa mstari wa kukatika wenye nukta na kuelezwa kivyake, ukipita mahali palepale kwenye kila mwonekano. Uchore kwenye FreeCAD kama mchoro uliolazwa juu ya uso, usiukisie kwenye Inkscape: mpaka ulio milimita 90 toka kitakoni mbele na milimita 94 nyuma ni mpaka ulioinama, na hukukusudia hivyo.

Karatasi na faili

Pambizo: juu na kushoto sentimita 2.5, kulia 1.5, chini 1. Kwenye A4 inabaki sehemu ya sentimita 17 kwa 26.2. Herufi za FIG. ziwe na kimo kisichopungua sentimita 0.32, na hapa Inkscape inawadanganya wengi: Arial ya pointi 12 ina herufi kubwa za milimita 3.03 hivi, imepungukiwa. Weka 14. Vipimo na majina ya sehemu visiwepo. Unapotoa PDF chagua kugeuza maandishi kuwa njia, ili fonti isilete shida kwenye Patent Center, mfumo wa mtandaoni wa kuwasilisha maombi Marekani. Usichanganye picha za kamera na michoro ya mistari ndani ya ombi moja, haikubaliki.

Kwa mtengenezaji aliyesajili kwanza Kenya kupitia KIPI, ofisi ya hataza na miundo ya huko, kisha anataka Marekani, dirisha la kipaumbele (muda wa kuomba kwingine huku ukibaki na tarehe ya kwanza) kwa miundo ni miezi 6. Michoro ya Nairobi ndiyo itakayopimwa: kitako ambacho hakikuonekana kule hakiwezi kubeba tarehe ya kule, hata kikichorwa vizuri namna gani kwenye ombi la Marekani. Afadhali kutengeneza seti kamili ya saba kabla ya ombi la kwanza.

Nani asihangaike nazo

Nguo, mabegi laini, viatu vya kitambaa na sanamu hazifai kwa njia hii. Kuzijenga FreeCAD kunachukua muda mrefu kuliko mchoraji mzoefu kuzichora kwa mkono toka kwenye picha. Faili za STL za skana, zinazojenga uso kwa pembetatu ndogondogo, nazo ni balaa, kwani kila pembetatu ya uso inageuka mstari kwenye TechDraw. Mwombe mteja faili ya STEP, inayobeba nyuso na kingo halisi, au ujenge upya. Na usitegemee "Trace Bitmap" ya Inkscape kugeuza picha kuwa mchoro: kwa mpangilio wa kawaida kila mstari unarudi ukiwa na kingo mbili, na ile ya kufuata katikati ya mstari inapinda kwenye makutano.

Aliye tayari na SolidWorks, programu ya kulipia ya kujenga maumbo, hana sababu ya kuhama, kwa kuwa mionekano yake inatoka haraka zaidi na haipotezi kingo. Bado atahitaji Inkscape au Illustrator kwa kivuli.

Ukimaliza, hifadhi faili ya FCStd (modeli ya FreeCAD) pamoja na PDF iliyowasilishwa, kwa jina lenye tarehe. Mkaguzi akiandika miezi mingi baadaye kwamba ukingo wa mdomo kwenye FIG. 3 haulingani na FIG. 6, modeli hiyo itakuambia ni upi uliohaririwa kwa mkono, na karatasi mpya yenye maandishi "Replacement Sheet" itatoka humo.